Kufukiza mwaka mpya kwa desturi ya Waskoti: vifaa gani ununue Dar es Salaam na vipi uviache

Anayetaka kuukaribisha mwaka mpya kwa desturi ya Waskoti hana haja ya kuagiza boksi kutoka ng'ambo. Karibu vifaa vyote vipo Kariakoo, na kile kimoja kilicho adimu kina mbadala mzuri kuliko kinachokuja ndani ya boksi. Tunakagua hapa chetezo, mkaa, ubani, mrashi na biskuti za siagi. Mkaa ndio unaowaharibia wengi shughuli, kwa hiyo tutakaa nao muda mrefu kuliko vingine.

Kwanza desturi yenyewe, maana huwezi kuchagua kifaa cha kazi usiyoijua. Mkesha wa tarehe 31 Desemba Waskoti huuita Hogmanay. Kwao ulikuwa mkubwa kuliko Krismasi kwa karne nyingi, kwa sababu kanisa la Uskoti baada ya Matengenezo ya Kiprotestanti halikuipenda Krismasi, na siku hiyo haikuwa ya mapumziko rasmi huko hadi 1958. Mchana wa tarehe 31 nyumba husafishwa, majivu hutolewa, madeni hulipwa na vya kuazima hurudishwa. Saa sita usiku hufunguliwa mlango wa nyuma mwaka wa zamani utoke, kisha wa mbele mpya uingie. Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya hapo ndiye anayeiletea nyumba bahati yake. Hutakiwa awe mwanamume mrefu mwenye nywele nyeusi, sharti ambalo kwa Dar linatimia lenyewe, na haji mikono mitupu: huleta kipande cha makaa ya mawe ili moto usikosekane, mkate au biskuti ili chakula kisikosekane, na chumvi.

Asubuhi ya tarehe 1 watu wa nyanda za juu za Uskoti walikuwa na sehemu yao ya pili, nayo ndiyo inayohitaji vifaa. Maji yaliyotekwa kwenye kivuko wanachopita walio hai na wanaobebwa kwenda kuzikwa yalinywewa kidogo kidogo na kila mtu wa nyumba, yaliyobaki yakanyunyizwa vyumbani na vitandani. Kisha matawi makavu ya mreteni, mti wa huko wenye majani kama sindano na mafuta yanayonukia, yaliwashwa, madirisha na milango ikafungwa, moshi ukajaa nyumba nzima hadi zizi la ng'ombe, watu wakakohoa na kupiga chafya. Hapo ndipo kila kitu kilifunguliwa na hewa mpya ikaingia.

Mtu wa pwani haoni ugeni mkubwa hapo. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila Julai huchomwa kibanda cha makuti na wanaume hupigana kwa mabua ya migomba siku ya Mwaka Kogwa, na kufukiza nyumba tunakufahamu tangu utotoni. Kwa wanaoingiwa na hofu ya ushirikina: hakuna kafara wala pepo anayeitwa. Wengi walioishika desturi hii walikuwa Wakristo, na baraka zao za Kigaeli, lugha ya nyanda hizo za juu, mara nyingi hutaja Utatu Mtakatifu. Wapo pia wanaoshikilia kwamba mwaka mpya wa Wakelti, watu wa kale wa Uskoti na nchi jirani, ni tarehe 1 Novemba, siku ya sikukuu yao ya Samhain. Dhana hiyo ilienezwa na John Rhys, msomi wa Wales, mwishoni mwa karne ya 19, na wanahistoria kama Ronald Hutton wanaona ushahidi wake ni haba. Anayependa kufanya Novemba afanye, vifaa ni vilevile.

Sasa maboksi. Yale yanayouzwa mtandaoni kwa jina la ibada ya Kikelti huwa na mshumaa, kadi ya maelezo na kifungu cha majani makavu. Angalia hayo majani kabla ya kulipa. Yakiwa seji nyeupe, yenye majani mapana ya rangi ya kijivu yaliyofungwa kwa uzi, huo ni mmea wa California na desturi zake ni za wenyeji wa Marekani. Hauhusiani na Uskoti hata kidogo. Anayekuuzia hicho kwa jina la Wakelti hajui anachouza. Hata lile lenye mreteni halisi lina kasoro moja hapa kwetu: majani yaliyokaa safarini na bohari hufika yamepoteza mafuta yake, yakiwaka yananukia nyasi kavu tu.

Chetezo cha udongo chenye mguu ndicho tunachokipendekeza. Kabla ya kununua kigonge kwa ukucha: kikitoa mlio mwembamba wa kulia, kimeiva na hakina ufa, kikitoa mlio mzito, kirudishe. Mdomo uwe na upana wa sentimita 8 au zaidi, la sivyo mkaa unakosa hewa na kuzimika katikati ya chumba cha pili. Usiweke kaa moja kwa moja juu ya udongo mtupu, kwani joto la ghafla sehemu moja ndilo linalokipasua. Mimina kwanza majivu makavu ya jikoni, kina cha sentimita 2. Mchanga nao unafaa, ila uwe umekauka kabisa: wenye unyevu hutoa mvuke na kurusha cheche, na wa baharini una chumvi inayovuta unyevu tena hata ukiuanika. Majivu ni salama zaidi na hayagharimu kitu.

Vyetezo vya shaba ni vizuri kwa macho lakini mpini hushika moto haraka, kwa hiyo chagua chenye mpini wa mbao. Vile vyepesi vya bati tungeviacha, kwa sababu kitako chake huunguza kitambaa na meza. Chochote utakachochukua, kibebe juu ya sinia la chuma. Chetezo cha umeme kina nafasi yake kwa wanaoishi kwenye maghorofa ya Upanga au Kariakoo wasioweza kuwasha mkaa, na kwa mwenye pumu ni afadhali maana moshi wake ni hafifu. Lakini waya haukuruhusu kuzunguka vyumba, na kuzunguka ndiyo kazi yenyewe. Tena ubani ukiyeyuka humwagika kwenye sahani yake na kuganda kama lami. Tandika karatasi ya aluminiamu kwanza.

Mkaa. Sokoni kuna wa aina nne na zote si sawa.

Mkaa wa vidonge, ule mweusi wa mviringo unaouzwa kwenye maduka ya udi na ya vifaa vya kanisa, una chumvi ya shura ndani yake ili ushike moto haraka. Ukiugusisha kiberiti, cheche hukimbia kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Tatizo la Dar ni unyevu. Pakiti ikishafunguliwa, vidonge hunyonya unyevu wa hewa na baada ya muda cheche huishia njiani. Unamaliza njiti kumi na kidonge bado kina alama nyeusi pembeni tu. Nunua pakiti ambayo karatasi yake ya fedha haijatoboka, ipapase uhakikishe vidonge havijavunjika, na ukiifungua hamishia vilivyobaki kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza. Vilivyokwisha kuingia unyevu huokolewa kwa kuviweka karibu na jiko la moto, si juu yake, kwa saa moja hivi.

Kosa la pili ni haraka. Dakika za kwanza kidonge hutoa harufu kali kama ya fataki, nayo ni ile shura inaungua. Ukiweka ubani wakati huo, harufu zote mbili huchanganyika na kila mtu hulaumu ubani. Kiwashe nje, kishike kwa koleo na si kwa vidole, kilaze kwenye majivu upande wenye shimo ukiwa juu, subiri kama dakika 5 mpaka kifunikwe na majivu membamba ya kijivu pande zote. Cha kipenyo cha milimita 33 hutosha nyumba ya vyumba vitatu bila kuharakisha.

Mkaa wa kawaida wa kopo unafaa ukijua kuchagua. Chukua vipande vizito vinavyolia kama chuma vikigongana, ukubwa wa yai la kuku. Kipande chenye rangi ya kahawia ndani hakikuiva; kitatoa moshi wa kuni unaowasha macho na kufunika kila harufu. Uwashe kwenye jiko mpaka uwe mwekundu wote bila ndimi za moto, dakika 15 hadi 20, ndipo uhamishie vipande viwili kwenye chetezo. Mkaa uliotengenezwa kwa vumbi na kufinyangwa ni mzuri kwa maharage, ila kwa chetezo haufai: huchelewa kushika, una majivu mengi, na kipande kimoja peke yake huzimika.

Chaguo letu hasa ni vifuu vya nazi. Vunja kifuu kikavu vipande vya ukubwa wa sarafu kubwa, vichome jikoni hadi moshi wake wenyewe uishe na vibaki vyekundu. Kaa la kifuu ni gumu, halirushi cheche nyingi, na likishaiva halina harufu yake. Kila nyumba inayopika wali wa nazi inavitupa.

Kuhusu mkaa wa aina yoyote, hapa desturi ya Uskoti lazima ibadilishwe. Wao walifunga nyumba yote. Kaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Chumba chenye kiyoyozi, madirisha ya vioo na pazia zito ni mahali pabaya kuliko pote. Acha kila dirisha wazi upana wa kiganja, usikae na chetezo chumba kimoja zaidi ya dakika mbili au tatu, na usilale wala kumlaza mtoto chumba ambacho kaa bado linawaka. Moshi kidogo unaopita una maana ileile.

Tukija kwenye kinachofukizwa, mreteni wenyewe hauoti Dar es Salaam. Una ndugu yake hapa nchini, mtarakwa, Juniperus procera, unaoota kwenye milima kama Usambara Magharibi, Meru na Kilimanjaro. Ukipata maranda yake kwa fundi wa mbao, umepata kitu cha ukoo mmoja kabisa na kile cha Waskoti. Harufu yake ni ile ya penseli iliyochongwa. Ila muulize fundi kama mbao ilitiwa dawa. Mbao zenye dawa mara nyingi huwa na rangi ya kijani, na dawa hizo zinaweza kuwa na shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake ni sumu. Usikubali jibu la "hii ni safi" kama huoni rangi ya asili ya mti. Na usiende kujikatia matawi kwenye hifadhi ya msitu, hilo lina kibali chake.

Usidanganyike na mvinje wa ufukweni. Majani yake yanafanana na sindano za misonobari, ila si jamii moja na mreteni, na ukiufukiza unapata moshi mtupu. Majani ya mkaratusi yananukia vizuri mkononi lakini moshi wake unakaba kifua, na karafuu, pamoja na heshima yake yote, ikiungua huwasha koo.

Mbadala wetu ni ubani. Kuna sababu: kemikali inayoongoza kwenye mafuta ya mreteni, alfa-pinini, imo kwa wingi pia kwenye ubani wa aina nyingi. Ndiyo maana harufu zake mbili za kwanza, ya limau na ya utomvu wa msonobari, zinakaribia kabisa ile ya milimani. Dukani omba kuuona nje ya mfuko. Mzuri una machozi makavu ya rangi ya njano hafifu, yasiyogandana, na ukilivunja moja ndani hung'aa kama kioo. Uliogandana bonge moja jeusi lenye magome ya miti umeokotwa chini au umechanganywa. Muombe muuzaji achome punje moja. Mwenye mali nzuri hatakataa. Moshi mweupe wenye harufu ya limau, chukua. Moshi mweusi wa haraka unaonukia rangi ya kupaka mbao, umechanganywa na utomvu wa bei rahisi, acha.

Kipimo ni punje mbili za ukubwa wa dengu kwa chumba. Ukizidisha, ubani huyeyuka kabla ya kufuka, huzima kaa na kuacha kibonge cheusi kinachonuka kuungua. Kibonge hicho kikitokea kikwangue kwa ncha ya kisu kabla ya kuongeza mpya. Ukitaka harufu ya majani, ongeza ncha ya kijiko cha rozmari kavu mwisho kabisa, kwa sababu huungua ndani ya sekunde. Udi wa sukari uache kwa siku nyingine. Tunaupenda, ni wa harusi na wageni, ila utamu wake unaifuta kabisa ile harufu ya mlima, na sukari yake hunata chetezoni.

Mrashi ni kifaa ambacho Waskoti hawakuwa nacho na ambacho kinaifanya kazi yao vizuri kuliko kutumia mkono. Ule wa shaba wenye shingo ndefu hutoa matone madogo yaliyosambaa. Kabla ya kununua, upulize kwa mdomo na uangalie mwanga kupitia matundu. Mengi huwa yameziba kwa mabaki ya marashi yaliyokauka. Maji ya kisima ya maeneo mengi ya Dar yana chumvi, nayo ikikauka huziba matundu na kuacha madoa meupe kwenye makochi. Tumia maji yasiyo na chumvi, yaliyochemshwa na kuchujwa, nusu lita inatosha, na usichanganye marashi kama yatanywewa. Kila mtu anywe funda moja kwanza, kisha jaza mrashi. Kona za chumba, kizingiti, kitanda. Soketi, friji na runinga uvipite mbali.

Mshumaa si wa lazima. Ukiutaka kwa ajili ya dirishani usiku, mweupe wa kawaida wa parafini unatosha. Wa nta ya nyuki unawaka kwa harufu nzuri, ila wa mikono mara nyingi hutiwa utambi mwembamba mno na huzama kwenye nta yake. Usiuache mshumaa wowote kwenye gari juani. Desemba hii utaukuta umepinda.

Biskuti za siagi zinastahili kutengenezwa nyumbani, kwa sababu za dukani nyingi zina mafuta ya mimea tu. Uwiano wa Kiskoti ni moja, mbili, tatu kwa uzito: sukari gramu 100, siagi gramu 200, unga gramu 300. Katika huo unga, gramu 50 ziwe za mchele, jambo ambalo Waskoti wenyewe hulifanya na linalozipa biskuti ule mchanga mdogo ulimini. Chumvi kidogo. Siagi iwe ya maziwa kweli. Majarini haina ladha inayobeba biskuti yenye vitu vitatu tu. Joto la Dar huilainisha siagi ukiwa bado unachanganya, unga unakuwa mafuta na biskuti zinasambaa. Fanya kazi alfajiri, tumia ncha za vidole, ukishalitandaza donge unene wa sentimita 1 na nusu liweke kwenye friji nusu saa. Toboa kwa uma. Oka kwa nyuzi 160 dakika 35 hadi 40; juu zibaki na rangi ya krimu, zikiwa kahawia zimepita. Kwa jiko la mkaa, moto wa chini uwe haba na wa juu ya mfuniko uwe mwingi kidogo, la sivyo zinaungua chini mbichi katikati. Zikate zikiwa za moto, zihifadhi kwenye kopo la bati lililofungwa baada ya kupoa kabisa, maana unyevu huzilegeza ndani ya siku moja.

Kwa mgeni wa kwanza, kipande cha mkaa mgumu kilichofungwa kwenye kitambaa kinasimama badala ya makaa ya mawe, na chumvi ya mawe iliyofungwa kwenye karatasi ni bora kuliko ya mezani kwa kuwa haimwagiki. Mpange mtu huyo mapema, jirani au shemeji, na awe nje kabla ya saa sita. Wengi wenu mnatoka mkesha wa kanisani au mnaangalia fataki, na mtu wa kwanza kuingia huishia kuwa mtoto anayekimbilia chooni.

Moshi usiwekwe usiku. Waskoti waliufanya asubuhi, na kwa Dar asubuhi inafaa zaidi: fataki zimekwisha, watoto wako macho, na kaskazi ya Desemba inatoka bahari upande wa kaskazini mashariki, kwa hiyo anza na vyumba vya upande huo na umalizie mlango wa upande wa pili ili moshi ufuate upepo badala ya kukurudia usoni. Maji kwanza, moshi baadaye. Nyumba ya vyumba vitatu huchukua kama dakika 10. Ukimaliza fungua kila kitu, robo saa.

Kaa lililobaki lifunike na majivu liachwe kwenye chetezo palepale juu ya sinia, mbali na pazia na mbali na watoto. Usilimwagie maji, udongo utapasuka, wala usilitupe kwenye pipa la taka, kwani ndani ya majivu huendelea kuwaka kwa saa nyingi. Waskoti nao walikataza kutoa majivu nje ya nyumba siku nzima ya tarehe 1, kwa hiyo yatoe tarehe 2.